Pingili nene na msumeno wa mnyororo: ilaze, usiisimamishe

Swali: Fundi, habari za kazi. Niko Tandahimba, mkoani Mtwara. Tumeangusha mikorosho mizee na mwembe mmoja uliokuwa nyuma ya nyumba. Pingili, yaani vipande vya shina, tumezikata kwa urefu wa sentimita 40, na nyingine kipenyo chake kinakaribia sentimita 90. Shoka linadunda. Nikazisimamisha na kuzipasua kwa chenso (huo msumeno wa mnyororo) kuanzia juu, lakini inatoa unga na moshi, na pingili mbili tu cheni imekuwa butu. Upanga wa mashine, lile bamba refu linalobeba cheni, ni inchi 18. Je, mashine ni ndogo?

Jibu: Mashine haina kosa, pingili ndiyo imekaa vibaya. Ukiisimamisha, cheni inakutana na vichwa vya nyuzi za mti, na kila jino linalazimika kuvikata upya kila linapopita. Ndiyo maana unapata unga, cheni inapata joto na makali yanakwisha.

Ilaze ubavu, gome likiwa juu, kisha weka upanga kwa urefu wa pingili ili cheni ipite kufuata nyuzi. Hapo meno hayasagi tena, yanachuna maranda marefu kama tambi, na upanga unazama upesi. Kipenyo cha sentimita 90 hakikuzuii, kwa sababu mwili wa mashine unashuka nje ya uso wa pingili. Kinachohesabika ni urefu wa pingili. Inchi 18 ni kama sentimita 45, kwa hiyo kwa pingili ya 40 unabakiwa na sentimita 5 za kugawana: mbili au tatu kati ya mwili wa mashine na mti, zilizobaki zitokeze upande wa ncha. Hakikisha mbele ya ncha hapana pingili nyingine wala mtu. Ncha ikigusa kitu kwa upande wake wa juu, mashine hurushwa nyuma usoni mwako kabla hujawahi kuachia kitufe cha mafuta.

Ile nafasi karibu na mwili wa mashine ndiyo mlango wa maranda. Wengi hubana meno ya mbele ya mashine (yale ya chuma yaliyo kwenye mwili wake, si ya cheni) kwenye mti wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wameziba njia. Tambi zikijaa chini ya kava ya gia, cheni hukwama, klachi hupata moto, kava ya plastiki huyeyuka, na maranda yaliyolowa oili yanaweza hata kushika moto. Kata kwa resi kamili. Usiulaze upanga sambamba kabisa na nyuzi. Upande wa mashine uwe chini kidogo kuliko ncha, kama digrii 15, ili maranda yatoke mafupi. Ukiona hayatoki tena, chomoa upanga, zima mashine, fungua kava na uyatoe kwa kijiti. Kwa mti mbichi tarajia kufanya hivyo kila baada ya pingili moja au mbili.

Kabla ya kuanza, iweke pingili juu ya vijiti viwili vinene, kisha itegee vipande vya mti pande zote mbili isibingirike. Udongo wa huko kwenu ni wa kichanga, na cheni ikigusa mchanga mara moja tu makali yameondoka. Kwa hiyo usikate hadi chini: acha sentimita 5, zima mashine, malizia kwa kabari na nyundo kubwa. Mkorosho uliojisokota acha sentimita 3 tu, maana nyuzi zake hazikubali kuachana kirahisi. Nusu ukiilaza kwa uso bapa unaipasua tena vilevile, na robo zake shoka linaziweza, ukianzia pembeni badala ya katikati.

Cheni ya kawaida ambayo meno yake yamenolewa kwa pembe ya digrii 30 inatosha. Ile ya digrii 10 waachie wapasua mbao. Pitisha tupa mara mbili au tatu kwa kila jino kila unapojaza tangi. Cheni ya inchi 3/8 ya kawaida (kipimo cha nafasi kati ya viungo vyake) hutumia tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kulingana na aina, ya inchi .325 hutumia 4.8. Oili ya cheni ijazwe kila unapojaza petroli. Kuipima, elekeza ncha kwenye uso mweupe wa mti na upige resi: usipoona mstari wa oili, tundu limeziba. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya pikipiki ni rahisi, lakini pampu itakudai.

Huo mwembe wa nyuma ya nyumba uchunguze kwanza. Miti ya uani huficha misumari na waya za kuanikia nguo zilizomezwa na gome miaka mingi; doa jeusi kwenye mkato mara nyingi ni chuma kilichomo ndani. Vaa miwani, buti na nguo ya mikono mirefu, kwa kuwa mwembe na mkorosho ni ndugu wa jamii moja na utomvu wa yote miwili huwasha ngozi.

Pingili zilizobaki zipasue sasa zikiwa mbichi. Na maranda yale usiwatandikie kuku, yana oili, yawashie jiko.