Kinapobana sipo unapoonyesha

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni vazi gani linalokufanya uuhisi mwili wako?" Najua wengi watataja hariri au gauni la harusi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwangu ni lile ambalo halijakukaa. Nguo iliyokukaa unaisahau. Mishipa ya fahamu ya ngozi hushtuka zaidi kitu kinapobadilika. Kitambaa kikishatulia, mishipa hiyo hupunguza kupiga kelele. Asubuhi ukivaa shati unalihisi lote, ikifika saa nne hukumbuki hata kama unalo. Nyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, kwapa livute, hapo utalikumbuka.

Ndiyo maana mteja akija kujaribu simwachi asimame mbele ya kioo amebana tumbo. Namwambia akae, ainame kama anafunga viatu, anyooshe mikono kama ameshika usukani wa bajaji. Dada mmoja alishikilia kwamba gauni linambana kifuani. Nikapima kwa kidole, nafasi ipo. Kumbe kwapa lilikatwa juu mno, kila akisogeza mkono linavuta kitambaa cha mbele. Nikafumua, nikalishusha kidogo, kifua sikukigusa. Kuvaa tena, anasema: "Haya, sasa kifua kimepumua." Sikubishana naye.

Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso mwilini. Kilichonivutia ni kwamba mojawapo ya vipokezi hivyo, kinachohisi ngozi ikiguswa, ndicho pia kinachosaidia mtu kujua mkono wake uko wapi hata akifumba macho. Kwa hiyo yule dada si mjinga. Habari za nguo na za viungo zinamfikia kwa pamoja.

Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai, fulana, shati, sweta, koti, na mama mtu mzima anaongeza kitenge juu. Hapo ndipo malalamiko ya masweta ya mitumba yanapoanza: "Linawasha, labda lina dawa." Mara nyingi ni unene wa nyuzi tu. Unywele wa sufu unaozidi unene wa mikroni 30 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) haupindi ukigusa ngozi, unachoma, mwembamba unapinda. Ukichagua sweta mnadani usilipime kwa kiganja, hasa kama umezoea jembe. Lipitishe shingoni au upande wa ndani wa mkono. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Ila kama mnataka jibu moja, andikeni mbeleko. Tazameni mama anayeuza viazi sokoni: anapima debe, anarudisha chenji, na mtoto mgongoni. Bila kugeuka anasema, "Huyu ameamka," na mtoto hajalia bado. Ameshahisi kitambaa kikivuta upande mmoja. Anainama, anamrusha juu kidogo, anakaza fundo, anaendelea na mteja. Wapo wanaoniomba niwashonee mbeleko ya mikanda na vifungo, nami nashona, hela ni hela. Lakini mkanda unakaza pale fundi alipopanga. Kitenge mama anakikaza mwenyewe, kila mara, kwa kadiri mgongo unavyomwambia, na wengi nimewaona wamekirudia.