Mleta mada, usisaini huo mkopo wa gari

Mleta mada, weka kalamu chini. Umesema umepanda cheo, akiba ni kidogo, unataka kukopa ununue gari la hadhi ili wateja wakuone mtu wa maana, halafu uhamie nyumba kubwa zaidi, na unauliza uanze na lipi. Anza na karatasi za huo mkopo. Mimi nilipopita njia hiyo ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na mwenzangu kazini aliyenijaza maneno kila mchana: mtu hupimwa kwa gari analoshuka, pesa huifuata pesa. Yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa kila kona, jambo ambalo hakulitaja hata mara moja. Kisha akaja afisa wa mikopo: "Asilimia 12 tu kwa mwaka, miaka 3." Hilo "tu" ndilo linalonichoma mpaka leo, kwa sababu alijua vizuri anachokiuza.

Riba ile ilipigwa juu ya mkopo wote wa siku ya kwanza, hadi mwezi wa mwisho, hata deni likiwa limebaki mkiani. Chukua mkopo wa 100. Riba 12 mara miaka 3 ni 36, kwa hiyo unarudisha 136 kwa miezi 36. Lakini ile 100 hukai nayo miaka 3. Kila mwezi unarudisha kipande, na bado unatozwa riba kana kwamba unayo yote. Ukiipiga kwa salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, unalipa karibu asilimia 21 kwa mwaka. Hayo hakuna aliyeniambia.

Wakati huo gari nalo linashuka bei. Jipya mara nyingi hupoteza karibu sehemu ya tano ya thamani yake mwaka wa kwanza, na deni, ukihesabu na riba yake, linaweza kubaki kubwa kuliko bei ya gari. Bima, matairi na sevisi navyo havisubiri. Nilipobanwa nikaamua kuuza. Mnunuzi alilizunguka gari kimya, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa mlango wa nyuma, akataja bei. Ilikuwa chini ya salio la mkopo. Nikauza hivyo hivyo, nikaendelea kukatwa mshahara kwa gari analoliendesha mtu mwingine.

Na hao wateja? Waliuliza kazi itaisha lini na itagharimu kiasi gani. Sikumbuki hata mmoja aliyetoka nje kutazama nimekuja na nini.

Shika hili moja: kitu cha kuonekana kilipiwe na faida ya mali yako, kamwe kisilipiwe na mkopo, wala mshahara usio na akiba nyuma yake. Mtaji kwanza, ukizaa, hicho ulichozaa ndicho kinunue gari. Ndiyo, inachukua muda. Gawa 72 kwa asilimia ya faida ya mwaka, upate idadi ya miaka: kwa asilimia 8, pesa hujizidisha mara mbili katika miaka 9 hivi, mradi usiile faida njiani. Na utajiri wako upime kwa mali zote ukitoa madeni yote. Ukichukua gari hilo leo, sifa zitapanda na hiyo hesabu itashuka mwezi baada ya mwezi.

Wachangiaji wa juu wanaokwambia "maisha mafupi, jipe raha", hakuna atakayekuchangia rejesho mwisho wa mwezi.

Kesho mdai huyo afisa jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi, linalotenganisha riba na deni la msingi. Muulize ukilipa mapema unapunguziwa nini, na ada ya maombi pamoja na bima ya mkopo vimeingizwa wapi. Akikwepa, ondoka. Akikupa, futa jina na namba ya akaunti, litupie hapa hapa, nitakupigia hesabu mstari kwa mstari.