Maswali na majibu: Mechi 13, ushindi 13, kombe likaenda Alabama

Makala ya wiki iliyopita kuhusu UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida kilichomaliza msimu wa 2017 bila kufungwa na kujitangaza bingwa, imeleta maswali kedekede. Kwa wanaouliza tena kama huu ni mpira wa miguu: siyo. Ni ule wa Kimarekani, wa mpira wenye umbo la yai. Sitajibu tena hilo.

Arsenal 2003/04 hawakufungwa, wakabeba kombe. UCF nao hawakufungwa. Ilikuwaje kombe wakapewa Alabama waliofungwa? (Shabiki, Kariakoo)

Arsenal walicheza mechi 38, kila timu nyumbani na ugenini, pointi zikajumlishwa, basi. Vyuo vya daraja la juu Marekani ni zaidi ya 120, na vingi havikutani kabisa. Kwa hiyo watu 13 huketi hotelini Grapevine, Texas, wakaamua nani anastahili. Msimu ule nafasi za kugombea kombe zilikuwa nne tu: Clemson, Oklahoma, Georgia na Alabama. UCF wakawekwa nafasi ya 12.

Alabama hawakuwa hata mabingwa wa kanda yao. Walikuwa wamepigwa 26-14 na Auburn. Auburn haohao waliwapiga Georgia 40-17. Sasa tarehe 1 Januari 2018, Atlanta, UCF wakawafunga Auburn 34-27. Wiki moja baadaye fainali ikawa Alabama na Georgia, Alabama wakashinda 26-23 katika muda wa nyongeza. Naam, Georgia walilipa kisasi kwa Auburn 28-7 mwezi Desemba, najua, msinitumie tena. Hoja yangu ni ileile: bingwa apatikane uwanjani, si kwenye chumba cha mikutano.

Katika hizo mechi 13 walitoka sare ngapi? (Bila jina)

Hakuna. Sare zilifutwa tangu 1996.

Mbona huwaambii watu kwamba walikuwa wanacheza na vibonde? (Mpenda Haki, Nakuru)

Maryland si kibonde, nao walipigwa 38-10 kwao. Mechi ya Georgia Tech ilifutwa kwa sababu ya kimbunga Irma. Halafu nenda katazame mechi ya USF, yaani Chuo Kikuu cha South Florida, Novemba 24. Zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, Quinton Flowers wa USF alirusha pasi iliyozaa yadi 83, ubao ukasoma 42-42. Uwanja mzima Orlando ukanywea. Mpira ulipoanzishwa, Mike Hughes wa UCF akaudaka karibu kabisa na mstari wake, akakata katikati ya msitu wa watu na kukimbia yadi 95 hadi mwisho. 49-42. Wiki iliyofuata Memphis wakawasumbua hadi nyongeza mbili, 62-55. Kibonde gani anakutoa jasho namna hiyo? Na timu hiyohiyo ya UCF mwaka 2015 ilipoteza mechi zote 12.

Ni kweli Shaquem Griffin hakuwa na kiganja? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kweli. Mlinzi huyo wa UCF, cha kushoto kilikatwa akiwa na miaka minne. Ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa ulinzi katika mechi ya Auburn, kisha Seattle Seahawks, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, wakamchukua raundi ya tano ya kuchagua wachezaji wapya. Yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.38, kwa hiyo acheni kuniandikia kwamba alichukuliwa kwa huruma.

Kijana wangu anacheza sekondari hapa Minneapolis. Kuna mtu anasema atamtafutia chuo na pesa, anataka saini wiki hii. (Mama wa watatu)

Dada yangu, anayekuharakisha usaini usimsikilize. Peleka karatasi kwa mwanasheria wako, si wake, na uulize asilimia anayokata na hadi lini. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao. Kabla ya hapo ilikuwa dhuluma tupu: mwaka huohuo wa 2017 mpiga mateke wa UCF, Donald De La Haye, alizuiwa kucheza kwa sababu ya kipato cha video zake YouTube. Msimu ulipoisha, chuo kikatangaza bonasi za ubingwa kwa makocha. Wachezaji waliokimbia jasho likiwatoka wakapata gwaride Disney World.

Na asichague chuo kwa ajili ya kocha. Scott Frost, kocha wa UCF, alikuwa ameshasaini Nebraska hata kabla ya mechi ya Auburn.

Kwa hiyo UCF ni mabingwa au walijipachika? (Juma, Tanga)

Walijipachika, na walikuwa na sababu. Mfumo wa kompyuta wa Colley, unaopanga timu kwa ubora, uliwaweka wa kwanza, na kitabu cha rekodi cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinauorodhesha uteuzi huo. Kombe lenyewe liko Alabama.

Tangu 2024 timu zinazogombea kombe ni 12. Sasa umeridhika? (Msomaji wa siku zote)

Nusu. Mwaka 2023 Florida State walishinda 13 kati ya 13, wakaachwa kwa sababu kwotabeki wao, yaani mrusha pasi mkuu, Jordan Travis alivunjika mguu. Leo wangeingia. Lakini nafasi saba kati ya 12 bado zinagawiwa na kamati ileile, na mwenye jina kubwa atabebwa tu.

Jumamosi nimweke nani kwenye mkeka? (Wengi)

Sijibu mikeka.