Mwenye kilo 98 kakaa juu ya mwenye kilo 1,250

SWALI: Shikamoo Fundi. Natengeneza programu ya simu kwa Flutter (zana ya kuundia programu), ya karani wa chama cha msingi huku Newala, aorodheshe korosho za wakulima. Nikigusa safu ya kilo ili mwenye nyingi aje juu, anatokea wa 98, anafuata wa 640, halafu wa 1,250. Karani kacheka mpaka nikaona haya. Na jedwali lenyewe halienei kwenye skrini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hata mimi yalinikuta, kwenye daftari la madeni nililomtengenezea shemeji yangu mwenye duka. Wa shilingi 900 akawa juu ya wa 45,000, na shemeji akampigia simu yule wa 900!

Kilo zako umezihifadhi kama maneno. Maneno hulinganishwa kuanzia alama ya kwanza: 9 inaizidi 6, 6 inaizidi 1, kesi imekwisha. Hifadhi namba tupu, 1250. Koma itie wakati wa kuonyesha tu, maana int.parse, amri inayogeuza maneno kuwa namba, ikikuta koma inagoma. Tarehe zina ugonjwa huohuo: 05/11 itatangulia 28/10. Anza na mwaka, 2024-10-28, zitajipanga zenyewe. Na “asha” aliyeandikwa kwa herufi ndogo ataangukia chini ya Zuhura, kwa hiyo geuza majina yote kuwa herufi ndogo unapolinganisha.

Jua pia kwamba DataTable, jedwali la Flutter, haipangi kitu. Inachora mshale na kuita onSort, yaani msimbo uliouandika wewe wa kukigusa kichwa cha safu, basi. Kupanga orodha na kuita setState, ili skrini ichorwe upya, ni juu yako.

Kuhusu upana, wengi watakwambia jedwali liteleze kwenda pembeni. Mimi silipendi hilo. Karani ana simu mkono huu, mkono mwingine uko kwenye gunia juu ya mzani. Akitelezesha kidogo jina linapotea, anabaki na kilo zisizo na mwenyewe. Acha safu tatu: jina, kilo, tarehe. Gredi na kijiji vifunguke akigusa jina. Kichwa cha safu kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha vitu kwenye skrini) kwenda juu, kidole chenye vumbi kisikose.

Wawili wakilingana kilo, wapange kwa jina. Sort, amri ya kupanga ya Dart (lugha ya Flutter), haiahidi kuwaacha wanaolingana ilipowakuta, na karani akiona watu wanabadilishana nafasi atakucheka tena.