Njia ya kuwa bingwa wa maambukizi ya watoto

Umeuliza kama, ili uwe daktari bingwa wa magonjwa ya maambukizi kwa watoto, lazima uanze na ubingwa wa watoto. Kwa kawaida ndiyo. Marekani, kwa mfano, ukimaliza miaka 4 ya chuo cha udaktari unasoma 3 ya ubingwa wa watoto, halafu 3 mingine ya ubingwa bobezi, yaani wa maambukizi yenyewe. Katika hiyo ya mwisho, muda mwingi huenda kwenye utafiti, si wodini, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Kazi yenyewe ni ya kuitwa kushauri: homa isiyojulikana chanzo, usaha kwenye mfupa, kifua kikuu, VVU, mtoto mwenye saratani ambaye kinga yake imeshuka. Hakuna upasuaji. Unauliza maswali mengi (nani anakohoa nyumbani? kuna mnyama?), kisha unaamua dawa ipi, kwa siku ngapi, na mara nyingi ipi iachwe. Wengine huishia kwenye chanjo, maabara, au kusimamia matumizi ya antibiotiki hospitalini.

Ila kama unafuata pesa, fikiri tena. Kule Marekani wengi wa mabingwa hawa hawamzidi kipato daktari wa kawaida wa watoto, licha ya ile miaka 3 ya ziada.