Mhandisi wa kemikali na kazi ya dawa

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Binti yetu amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea uhandisi wa kemikali. Baba yake anasema kazi hiyo ni ya kampuni za mafuta tu, na hapa kwetu kiwanda tukijuacho ni kile cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu vinavyotolewa mafuta. Binti hutujibu kwa kumtaja profesa Robert Langer, ambaye ni mhandisi wa fani hiyo lakini ametengeneza dawa. Je, ni kweli?
Mama wa Wawi, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Bibi. Ni kweli, ingawa baba mtu naye hakukosea sana. Langer, aliyezaliwa Albany, Marekani, mwaka 1948, alipohitimu udaktari wa sayansi katika chuo cha MIT mwaka 1974, alikuta kampuni za mafuta zinawagombea vijana wa fani yake, kwa kuwa bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno. Alizikataa ajira hizo, akaenda hospitali ya watoto ya Boston kwa daktari mpasuaji Judah Folkman, aliyekuwa akitafuta namna ya kuzuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa saratani.

Dawa alizozihitaji Folkman zilikuwa za molekuli kubwa, ambazo zikiingia mwilini huharibika upesi, na wataalamu wengi waliamini kwamba molekuli za ukubwa huo haziwezi kupenya polepole katika polima, yaani jamii ya plastiki. Langer alizichanganya na polima kwa namna iliyoacha vijia vyembamba vya kupindapinda, dawa ikawa inatoka kidogo kidogo kwa siku nyingi, na mwaka 1976 wawili hao wakayatangaza matokeo. Walioamini walikuwa wachache. Maombi yake tisa ya mwanzo ya fedha za utafiti yalikataliwa, na kwa kuwa idara za uhandisi wa kemikali hazikumtaka, alianzia ualimu katika idara ya lishe na chakula ya MIT. Haya, kwa maoni yangu, binti ayajue kabla ya kusoma habari za tuzo. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha vidonge bapa vya polima ambavyo daktari huviacha ndani ya ubongo baada ya kuondoa uvimbe, na mwaka 2010 Langer alishiriki kuanzisha kampuni ya Moderna, iliyokuja kutoa chanjo ya UVIKO-19.

Kiwanda cha makonyo nacho msikidharau, kwani kupitisha mvuke katika makonyo, kuupoza, kisha kuyatenga mafuta na maji ni uhandisi wa kemikali hasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha fani hii. Binti aulize mapema alama za kemia, fizikia na hisabati zinazotakiwa.