Muulize Fundi: Gundi haizibi pengo

*Shikamoo Fundi. Natengeneza ndege ya modeli kwa balsa, ile mbao nyepesi sana, na sasa nimefika kwenye mabawa. Rafiki yangu anatumia supaglu kila mahali na kazi yake inakwenda haraka. Mimi nimezoea gundi nyeupe ya mbao, lakini inanichelewesha, na ubavu mmoja wa bawa umeshapinda. Je, nihamie kwenye supaglu?*

Marahaba, mwanangu. Usihame. Kaa nazo zote mbili, maana kila moja ina mahali pake kwenye ndege hiyohiyo.

Gundi nyeupe hukauka kwa kupoteza maji, mengine yakiingia kwenye mbao na mengine yakitoka hewani. Supaglu haisubiri hayo. Huganda kwa unyevu kidogo tu ulioko juu ya kile unachokigundisha, na ndiyo sababu hunasa vidole upesi namna ile. Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikutana na kemikali za aina hii mwaka 1942, wakati kikundi chake kikitafuta plastiki angavu ya kulengea shabaha, wakaziweka kando kwa kuwa ziling'ang'ania kila kitu. Zilianza kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Ile nyepesi kabisa ni nzuri sana kwa balsa iliyokatwa sawasawa: unakutanisha vipande vikiwa vikavu, unagusisha tone ukingoni, nalo linanyonywa lenyewe mpaka ndani. Ila inua kazi yako kwenye mwanga kwanza. Ukiona mwanga unapenya katikati ya vipande, tone litapotelea kwenye vinyweleo vya balsa na kiungo kitabaki kitupu. Hapo kata kipande kingine. Najua inauma kukata upya ubavu uliokwisha kuchongwa, lakini nakuomba ukate.

Tatizo la pili la supaglu utaliona wakati wa msasa. Ikishaganda inakuwa ngumu kuliko balsa yenyewe. Ukisugua, mbao inaliwa upesi na gundi inabaki, basi unapata kimstari kilichoinuka ambacho kitaonekana wazi ukishavalisha bawa karatasi yake. Kwa hiyo ukingo wa mbele wa bawa, na popote utakapoumba kwa msasa, mimi hutumia gundi ya mbao ya njano. Ni jamaa ya hiyo nyeupe, lakini huwahi kushika na hukauka ngumu zaidi, haigandi kwenye msasa ikawa utando.

Ubavu wako umepindishwa na maji yaliyo kwenye gundi, hasa kama ulipaka upande mmoja ukauacha ukauke bila kubanwa. Tandika karatasi ya nailoni juu ya mchoro wako, maana gundi ya mbao haishiki nailoni, kisha bana kazi kwa pini kwenye ubao ulionyooka mpaka siku ya pili. Paka kidogo. Kwenye ubavu wa balsa, mstari mwembamba uliochorwa kwa ncha ya kijiti cha meno unatosha, na kila gundi ya ziada ni uzito utakaobebwa angani bure.

Pale injini inapofungwa na miguu inaposhika mwili, weka epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, ile ya kukauka polepole. Ya dakika tano ni ya kazi ndogo za haraka, kwa kawaida haina nguvu sawa na ya polepole. Kioo cha rubani kigundishe kwa gundi nyeupe, kwa sababu mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na ukungu ule hautoki kwa kufuta.

Na tafadhali, usifute supaglu kwa pamba wala kwa nguo ya pamba. Hupata joto ghafla kiasi cha kuunguza ngozi na kutoa moshi. Fungua dirisha unapoitumia. Ikinasa vidole, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uachanishe taratibu. Ikiingia jichoni, nenda hospitali, usiguse asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

*Fundi, salaam. Kiti changu cha mbao kinayumba mguu mmoja. Mume wangu amekijaza gundi mara kadhaa na kila mara kinalegea tena. Tununue gundi gani yenye nguvu zaidi?*

Salaam, dada yangu. Mwambie asinunue kitu bado. Gundi ya kawaida ya mbao, katika kiungo kilichokaa vizuri, ina nguvu kuliko mbao inayoizunguka: ukilazimisha kuvunja, utang'oa nyuzi za mbao kabla gundi haijaachia. Shida ya kiti chenu ni kwamba gundi mpya haiifikii mbao. Imekaa juu ya ile ya zamani iliyokauka, na gundi nyeupe haishiki vizuri gundi nyeupe iliyokwisha kukauka.

Mng'oeni mguu wote. Mguu ukikataa kutoka, dondosheeni siki ya vuguvugu kwenye kiungo, mwache ikae, mrudie, kisha mzungushe mguu huku mkivuta. Msigonge kwa nyundo kavu, wekeni kipande cha mbao katikati. Ukishatoka, kwarueni ulimi wa mguu na ndani ya tundu mpaka muone rangi ya mbao yenyewe. Mahali palipobaki pakimeta kama kucha bado pana gundi. Kwarueni kwa patasi au kisu, msipige msasa mwingi, kwa sababu msasa unapunguza ulimi na kulipanua tundu, na mtakuwa mmejiongezea pengo.

Kisha jaribuni mguu ukiwa mkavu. Ukiingia kwa kusukumwa na mkono na kukaa wenyewe bila kuanguka, pakeni gundi ya njano pande zote mbili, ulimi na tundu, mbane. Kwenye mstari wa kiungo vitoke vitone vidogo vidogo vilivyopangana. Hivyo vinawaambia gundi imefika kote. Vikitoka upande mmoja tu, fungueni upesi mpake tena, mnazo dakika chache tu. Saa moja kwenye kibano inatosha kwa kawaida, lakini asikikalie mtu mpaka saa 24 zipite.

Mguu ukiwa unacheza ndani ya tundu, hapo ndipo watu wengi hujaza gundi. Safu nene ya gundi ya mbao husinyaa ikikauka, hupasuka ndani, na mguu unarudi kuyumba. Gundisheni utepe mwembamba wa mbao uliorandwa kuzunguka ulimi, ukauke, kisha muuchonge mpaka uingie kwa kubana. Kama hilo haliwezekani, tumieni epoksi iliyochanganywa na vumbi laini la mbao, maana epoksi haisinyai sana na hubeba pengo.

Nina ombi moja. Kama kiti ni cha kale kweli, na gundi ya zamani ni ya kahawia, inavunjika kama sukari guru na inalainika kwa maji ya moto, huenda ni gundi ya ngozi za wanyama. Hiyo hufunguka kwa joto na maji, na gundi mpya ya aina yake hushikana na ya zamani. Kirudishieni kiti gundi yake, fundi atakayekifungua baada yenu atashukuru.

*Fundi, nataka kutengeneza benchi la kukaa nje, linyeshewe. Gundi ya njano itafaa?*

Ile ya kawaida haifai. Tazama kwenye chupa: gundi zinazopimwa kwa kanuni ya Ulaya ya EN 204 huandikwa kuanzia D1, ya ndani pakavu, mpaka D4, ya nje. Chukua D4. Hata hiyo si ya kitu kinachozama majini, huko ni epoksi. Gundi ya poliyurethani, ile inayofura povu inapokauka, nayo huvumilia mvua, lakini povu lake lisikudanganye. Linajaza pengo kwa macho tu, nguvu halina. Na ukitumia msaji au mbao nyingine yenye mafuta, futa uso wake kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka.

*Nina chupa ya gundi ya mbao iliyokaa kabatini muda mrefu. Nitajuaje kama bado nzima?*

Ikitoka na nyuzi au mabonge, itupe. Ikitoka laini, gundisha vipande viwili vya mabaki ubavu kwa ubavu, usikutanishe vichwa vya mbao kwa sababu vichwa hunyonya gundi na kukupa jibu la uongo. Bana, acha mpaka kesho, halafu vunja. Mbao ikichanika, endelea na kazi. Mstari wa gundi ukiachana safi, nunua nyingine.